Vivuli vya Pangoni Vilikuwa Vivuli vya Sanamu

Swali: "Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa sanaa mwaka wa pili, nachonga mbao. Darasani tulionyeshwa kazi ya Mmarekani mmoja: kiti cha mbao cha kawaida, ukutani picha ya kiti hichohicho, na pembeni maana ya neno 'kiti' kutoka kwenye kamusi. Tukaambiwa hiyo ni falsafa ya Plato. Mimi niliona kiti tu. Je, kweli falsafa ya Wagiriki wa kale imo ndani ya sanamu za siku hizi, au ni maneno ya wahakiki yanayobandikwa baadaye? Nauliza kwa sababu kazi yangu ya mwisho wa mwaka nataka ihusu pango la Plato, ule mfano wake wa wafungwa wanaotazama vivuli ukutani, na sitaki kubandika jina tu."

Marahaba, binti yangu. Yote mawili yapo. Ziko sanamu ambazo hata ukilifuta jina la mwanafalsafa, fikra yake inabaki mle ndani. Na ziko nyingine ambazo ukibandua kile kikaratasi cha maelezo ukutani, unabaki na chuma na plasta. Mimi nina kipimo kimoja. Siulizi kama sanamu inafanana na Plato au inamtaja Heraclitus, Mgiriki mwenzake wa kale. Nauliza kama inanifanyia mimi, niliyesimama mbele yake, jambo lilelile ambalo wao waliwafanyia wasikilizaji wao. Socrates, mwalimu wa Plato, hakuwa na mazoea ya kumpa mtu jibu akaenda nalo nyumbani. Alimchukua mtu anayejua, kwa mfano jemadari anayejua ushujaa ni nini, na baada ya saa moja yule mtu hajui tena. Sanamu ikinifikisha hapo, naamini kwamba undugu upo.

Tuanze na kiti chako. Kazi ile ni ya Joseph Kosuth. Aliibuni mwaka 1965, akiwa kijana wa miaka 20, na iko katika makumbusho ya sanaa ya kisasa ya MoMA, New York. Aliyewaambia kwamba ni Plato hakukosea mlango. Katika kitabu cha 10 cha Jamhuri, mazungumzo marefu aliyoyaandika Plato, Socrates anazungumza na Glaucon, ndugu yake Plato, kuhusu vitanda vitatu. Cha kwanza ni kile alichokifanya mungu, kitanda chenyewe, kiolezo kisichoshikika ambacho kwacho vitanda vyote vinaitwa vitanda. Cha pili ni cha seremala. Cha tatu ni cha mchoraji. Seremala angalau amekilenga kile kiolezo, maana kitanda chake kinalalika. Mchoraji amekiiga cha seremala, tena upande mmoja tu, ule uliokuwa mbele ya macho yake. Kwa hesabu ya Plato msanii yuko nafasi ya tatu kutoka kwenye ukweli. Kwetu sisi tunaoshika patasi hilo ni tusi, na nakushauri ulichukulie hivyo, kwa sababu sanamu nyingi nzuri zimezaliwa na hamu ya kulijibu.

Sijui kama darasani mliambiwa hili. Kile kiti si kimoja. Anayeionyesha kazi hiyo anachukua kiti, anakiweka, anakipiga picha palepale kilipo, kisha anaitundika picha hiyo ukutani kwa ukubwa wa kiti chenyewe. Kazi ikihamia kwingine, kiti kinaweza kuwa kingine na picha ikawa nyingine. Kinachobaki ni yale maandishi ya kamusi pamoja na maelekezo ya Kosuth ya namna ya kuipanga. Tafakari maana yake: kitu pekee unachoweza kukikalia ndicho kinachobadilishwa, na maneno ndiyo yanayodumu. Hapo Plato angeitikia kwa kichwa, kisha angekasirika, kwa kuwa pale alipomweka mungu, Kosuth ameweka kamusi. Tena Kosuth mwenyewe, alipoandika mwaka 1969 kueleza msimamo wake, aliegemea zaidi wanafalsafa wa lugha wa karne ya 20, akina Wittgenstein na Ayer. Kwa hiyo aliyesema ni Plato amesema nusu. Na wewe uliyeona kiti tu umeona theluthi moja ya kazi, ile inayokalika.

Jaribu kuipanga kazi hiyo kwa Kiswahili, utaona inavyogeuka mikononi. Kwetu kiti ni cha kukalia, ni cha ubunge, na ndani yake ametoka mwenyekiti. Lakini kwenye ngoma za pepo, kiti ni mtu: yule ambaye pepo humpanda na kusema kwa kinywa chake. Ukiibandika maana hiyo ukutani kando ya kile kiti cha mbao, Plato amepinduka. Kisichoonekana hakikai tena juu mbinguni kikisubiri kuigwa. Kimeshuka, kimekalia kiti. Sisemi hivyo ili kukuvuta kwenye ngoma. Nasema ili uone kwamba kazi yenye falsafa ya kweli ndani yake huendelea kufikiri hata ikihamishiwa lugha ambayo aliyeibuni hakuijua.

Kuna Mwitaliano, Giulio Paolini, ambaye katikati ya miaka ya 1970 aliweka nakala mbili za plasta za sanamu ileile ya kale zikitazamana uso kwa uso, akaiita kazi hiyo Mimesi, yaani neno la Kigiriki la kuiga. Hakuna zaidi ya hapo. Unasimama pembeni, hutazamwi, na hujui ipi inamwiga mwenzake. Inanitosha.

Sasa zile zinazoanguka kwenye kipimo. Mwaka 2021, katika Agora ya kale ya Athens, ziliwekwa sanamu za Socrates na Confucius wakikutana, kazi ya mchongaji wa Kichina Wu Weishan. Ni ishara ya heshima kati ya mataifa mawili, na mahali penyewe panasisimua, kwa kuwa Socrates kweli alishinda akizungumza na watu pale sokoni. Lakini pale napewa nyuso mbili za kuheshimu. Naziheshimu, napita, na hakuna nilichokijua ambacho kimetikiswa. Sura ya mwanafalsafa si falsafa yake, na kwa Socrates jambo hili lina uzito wa pekee, maana sura yake ilikuwa ikiwadanganya watu tangu akiwa hai. Katika Karamu ya Plato, rafiki yake Alcibiades anamfananisha na vile visanamu vya Silenus, mzee wa hadithi za Kigiriki, vilivyokaa kwenye karakana za wachongaji: kwa nje ni mzee mbaya wa sura ameshika filimbi, lakini ukimfungua katikati, ndani unakuta sanamu za miungu.

Linganisha na alichofanya mchongaji Constantin Brâncuși yapata mwaka 1922. Yeye ni wa kizazi cha kabla ya hiki unachokiuliza, ila wachongaji wengi wa leo wamepitia mlangoni kwake. Alichukua gogo la mwaloni, akalipa jina Socrates, na hakuchonga pua wala ndevu. Alitoboa kichwa. Tundu kubwa, hewa inapita. Unapotafuta uso wa mtu mwenye hekima kuliko wote Athens, unakuta nafasi iliyo wazi, na unakumbuka kwamba hekima ile aliisifu kwa kusema hajui. Tundu lile limeeleza zaidi ya nyuso mia za shaba.

Nikueleze pia jambo ambalo wanafunzi wengi hawafundishwi: deni hili lina pande mbili. Falsafa ya Kigiriki imekulia jirani na vumbi la mawe. Mapokeo yanamtaja baba yake Socrates, Sophroniscus, kuwa mchongaji. Xenophon, mfuasi wake mwingine, anasimulia jinsi Socrates alivyoingia karakana ya mchongaji Cleiton na kumhoji: unafanyaje hata sanamu zako za wanariadha zionekane hai? Wakazungumza misuli inavyokazwa na kulegea, kisha Socrates akamfikisha kwenye hoja kwamba mchongaji hana budi kuzionyesha kazi za roho kupitia mwili. Aristotle naye, mwanafunzi wa Plato, alipotaka kueleza sababu zinazofanya kitu kiwe kilivyo, mmoja wa mifano yake ulikuwa shaba ya sanamu. Kwa hiyo mchongaji wa leo anapomrudia Aristotle haendi ugenini. Anakwenda kudai mfano wake.

Kazi ninayoipenda kuliko zote katika uwanja huu haina sura ya mtu yeyote. Ni ya Takis, Mgiriki aliyezaliwa Athens mwaka 1925, aliyejifundisha mwenyewe, akahamia Paris katika miaka ya 1950. Kuanzia mwaka 1959 aliacha kuchonga umbo akaanza kuchonga mvuto. Anafunga msumari, sindano au kipande cha chuma kwa uzi mwembamba au waya, anakielekeza kwenye sumaku, na kuupima uzi kwa uangalifu ili chuma kisiifikie. Kinabaki hewani, kimenyooka, kinatetemeka, kati yake na sumaku pana nafasi unayoweza kupitisha karatasi. Ukipuliza, kinayumba na kurudi. Macho yako hayakai kwenye sumaku wala kwenye sindano, yanakaa pale katikati ambapo hakuna kitu. Pale ndipo sanamu ilipo.

Sasa msikilize Thales wa Miletus, ambaye Wagiriki walimhesabu kuwa wa kwanza wa wanafalsafa wao. Hatuna maandishi yake. Tunaye Aristotle, anayesema kwamba Thales yaelekea aliamini sumaku ina roho, kwa kuwa inasogeza chuma. Darasani hilo husomwa haraka, kama imani ya watu wa zamani. Lakini simama mbele ya sindano ya Takis dakika tano na ujaribu kueleza, bila kutumia neno ulilokariri shuleni, kwa nini chuma kile kinataka kwenda. Nimesema "kinataka", umeona? Lugha yenyewe inakusukuma kwa Thales. Nimewahi kumwona mtu mzima akirudisha mkono wake nyuma taratibu mbele ya kazi ile, kama anayeogopa kumwamsha mtoto. Hajasoma Thales, lakini mkono wake umekubaliana naye.

Plato naye alikuwa na sumaku yake. Katika mazungumzo mafupi yaitwayo Ion, Socrates anamwambia mghani wa mashairi kwamba hana ufundi bali ana mvuto: kama jiwe la sumaku linavyoshika pete ya chuma, na pete hiyo ikashika nyingine, na nyingine, hadi mnyororo mzima ukaning'inia bila kufungwa, ndivyo mungu anavyomshika mshairi, mshairi akamshika mghani, na mghani akawashika wasikilizaji. Yasome hayo, hayakuchukui jioni nzima. Kisha uirudie picha ya Takis. Utaona amekata mnyororo ule mahali pamoja, kati ya pete mbili, akatuachia pengo tulitazame. Alifariki Agosti 2019 wakati maonyesho makubwa ya kazi zake yakiendelea katika makumbusho ya Tate Modern, London.

Kwa Jannis Kounellis lazima niwe mwangalifu. Alizaliwa Piraeus, bandari ya Athens, mwaka 1936, akahamia Roma akiwa na miaka 20, na akafa hukohuko mwaka 2017. Mwaka 1967 alitengeneza ua la chuma lenye mwali wa gesi katikati. Mwaka 1969 aliingiza farasi 12 hai katika ukumbi wa sanaa Roma na kuwafunga ukutani: jasho, kwato, harufu ya mavi, mahali ambapo watu walizoea kukuta picha zilizotulia. Baadaye alitumia sana makaa, sufu, magunia, masizi ukutani. Kwa kuwa ni Mgiriki na anawasha moto, wahakiki wengi hukimbilia kwa Heraclitus, aliyesema ulimwengu ni moto ulio hai daima, unaowaka kwa kipimo na kuzimika kwa kipimo. Mimi husita. Mgiriki anayewasha moto hajawa Heraclitus kwa kuzaliwa. Makaa yake yananukia bandari, meli na maghala kuliko Ephesus, mji wa Heraclitus.

Hata hivyo kuna mahali nalainika. Heraclitus alisema pia kwamba vitu vyote hubadilishwa kwa moto na moto kwa vitu vyote, kama bidhaa kwa dhahabu na dhahabu kwa bidhaa. Huo ni mfano wa sokoni, wa mtu aliyeona mizigo ikipimwa. Na Kounellis, mtoto wa bandari, anapoweka makaa kando ya masizi yaliyoachwa ukutani na moto uliokwisha, naiona ile biashara: hiki kimelipwa kwa kile. Kwa hiyo hukumu yangu ni kwamba lile ua la moto peke yake halinipeleki kwa Heraclitus, lakini masizi yananipeleka. Unaweza kutokubaliana nami.

Tufike pangoni, maana ndiko uendako. Kila mtu anakumbuka wafungwa, minyororo, ukuta na vivuli. Rudi kwenye kitabu cha 7 cha Jamhuri ukasome polepole vile vivuli ni vya nini. Si vya watu wanaopita nje juani. Nyuma ya wafungwa, kwa juu, kuna moto. Kati ya moto na wafungwa kuna njia na ukuta mfupi, kama ule wa wachezesha vikaragosi. Nyuma ya ukuta huo watu wanapita wakiwa wamebeba juu vyombo vya kila namna, pamoja na sanamu za watu na wanyama zilizotengenezwa kwa mawe na mbao. Wengine wanasema wanapopita, wengine wako kimya.

Vivuli ni vya sanamu, binti yangu. Kazi ya mikono yetu ndiyo inayobebwa mbele ya ule moto. Mfungwa akifunguliwa na kugeuka, kitu cha kwanza anachokiona kabla ya jua, kabla hata ya mlango wa pango, ni sanamu ya mbao, na nuru ya moto inamuumiza macho, naye anaona kile kivuli alichokizoea kilikuwa cha kweli zaidi. Kwa hiyo katika safari nzima ya kutoka gizani, mchongaji ana kituo chake. Yuko katikati. Ndiye anayewalisha wafungwa vivuli, na ndiye ambaye kazi yake inakuwa hatua ya kwanza ya kuamka kwao. Nimefundisha jambo hili miaka mingi na bado linanitia baridi.

Wasanii wawili wa Uingereza, Tim Noble na Sue Webster, walilishika bila kutaja pango hata kidogo. Mwaka 1998 walikusanya taka zao wenyewe za miezi 6, wakazirundika sakafuni: makopo, maganda, karatasi za chakula, na ndege wawili wa pwani waliokaushwa wakidonoa. Wakawasha taa upande mmoja. Ukutani kukatokea kivuli safi kabisa cha wasanii wenyewe wameketi wakiegemeana migongo, mmoja ana glasi mkononi, mwingine anavuta sigara. Ukitazama ukuta unaona watu wawili waliostarehe. Ukigeuza shingo unaona jalala. Kile kitendo cha kugeuza shingo ndicho Plato anachokieleza, na hapa mwili wako umekifanya wenyewe. Ila kuna msokoto: kwa Plato ukigeuka unakaribia ukweli. Hapa sina hakika kama ukweli wa wale wawili uko kwenye kivuli au kwenye takataka walizoziacha. Nadhani ndiyo sababu kazi ile haichoshi.

Upande mwingine yuko William Kentridge wa Johannesburg. Alipoalikwa kutoa mihadhara Harvard mwaka 2012, alianzia pangoni, lakini akavitetea vivuli. Alitazama kwa shaka lile neno la Plato kwamba mfungwa huburutwa kwa nguvu kwenye njia ya mwinuko hadi juani. Nani anayemburuta, na amepewa ruhusa na nani? Bara letu linawakumbuka waliokuja kutuburuta kuelekea kwenye nuru yao. Kwa Kentridge, kivuli kinatufundisha kwa kuwa kina upungufu: unakijaza mwenyewe, na unapokijaza unajiona ukifikiri. Mwaka 1999 alitengeneza msafara wa vivuli vya karatasi nyeusi iliyochanwa, watu wanaokwenda na mizigo yao, na msafara wa namna hiyo ameufanya pia kwa shaba. Na sisi tunazungumza lugha ambayo kivuli ni cha ukutani na pia ni cha mwembe. Mfungwa wa pangoni hakuwa na sababu ya kukaa kivulini akapumzika na kushukuru. Wewe unayo. Usiitupe hiyo kwa ajili ya kumtii.

Sasa kazi yako. Usichonge pango, wala wafungwa wenye minyororo, kwa kuwa hiyo ni picha ya hadithi na mtazamaji ataitambua, atatikisa kichwa, ataondoka. Usiandike jina la Plato kwenye maelezo ya ukutani. Chonga sanamu zako za mbao, tatu au nne zinatosha, uzipe muda na msasa unaozistahili, maana zitaonekana mwishoni na lazima ziwe tayari kuonekana. Kisha shughulika na chumba. Tafuta chumba chenye mlango mmoja, ambamo mtazamaji akiingia anauona ukuta wa mbele kwanza. Taa iwe nyuma yake na juu kidogo, kama Plato anavyosema, na sanamu zipite kati ya taa na ukuta, juu ya kizuizi kinachozidi usawa wa kichwa chake ili yeye mwenyewe asitoe kivuli. Jaribu umbali: ukiisogeza taa karibu na sanamu, kivuli kinakua na kingo zinalegea, ukiirudisha nyuma, kinapungua na kukazika. Tumia balbu moja ndogo isiyo na kifuniko cheupe kama maziwa, la sivyo kivuli kitafifia. Chagua pembe ambayo kivuli kinasema jambo moja na mbao inasema jingine, na hapo utalazimika kuchonga huku taa inawaka, ukitazama ukuta mara nyingi kuliko unavyotazama patasi. Angalia vidole.

Na usiweke kibao kinachomwambia mtu ageuke. Mwache asimame pale. Wengine watatoka bila kugeuka, nao waache. Siku ya kwanza kaa pembeni na daftari, hesabu waliogeuka, na uandike nyuso zao zilikuwaje walipoiona ile mbao. Niletee daftari hilo, nalitaka kuliko picha za kazi.